Kakamega ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Mlango wangu hapa St. James Town, ughaibuni, ni lango la mgodi wa dhahabu wa Rosterman kule Kakamega. Sikuomba mimi. Jirani yangu, Mzee Sadrudin, ndiye aliyeamua, na mwanzoni nilikereka kweli kweli. Mtu umetoka zamu ya usiku hospitalini, hoi, unalala mchana, halafu mzee anasimama mlangoni kwako kuigiza king'ora cha wachimbaji kwa mdomo.

Ni kwa ajili ya mkewe, Noorbanu. Wote wawili walizaliwa Kakamega, watoto wa wenye maduka, na siku hizi akili ya mama huyo imerudi huko. Kila alasiri anavaa koti, anataka kwenda kwao. Majira ya baridi yaliyopita alitoka peke yake, polisi wakamkuta barabarani na slipa kwenye theluji. Watoto wao wanaoishi Markham wakasema basi, akitoka tena anapelekwa makao ya wazee. Siku hiyo Sadrudin alilia mbele yangu, mtu mzima yule, nami sikulalamika tena.

Kwa hiyo humpeleka kwao, humu humu koridoni. Mbele ya lifti ni uwanja wa fahali, na hapo hupiga ukuta kwa viganja mdundo wa isukuti, ngoma inayowatangulia fahali asubuhi wakienda kupigana. Dirisha la mwisho, linalotoka jasho, ni lile jiwe la Ilesi linalotiririkwa na maji kama linalia. Wakimaliza mzunguko wamefika nyumbani, naye huingia ameridhika.

Juzi mzee alikuwa kitandani na homa. Nikamkuta Noorbanu kwenye lifti, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi mtu wa Kericho, Kakamega nimepita tu kwa basi. Nikamshika mkono.

"Twende kwenu, mama."

Nikapiga ukuta ovyo ovyo, nikaigiza king'ora, aibu zangu nikazimeza. Akanifuata vizuri mpaka mlangoni kwake, kisha akagoma.

"Hapa siingii. Hapa ni kwa kina Sadrudin, na baba yangu hajakubali bado."

Mlango ulikuwa wazi nusu, mzee akawa amesikia yote. Akaja akijishikilia ukutani, nywele timutimu, akasimama mbali kidogo na mkewe, kwa adabu.

"Noorbanu," akasema, "nimetoka kwa baba yako sasa hivi. Amekubali."

Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Mbona umekawia hivyo?" akauliza, akavua viatu, akaingia.