Mbasa wa Bibi Kunigunda na Kifungu cha Kumi na Nne

Tabibu Iddy alikuwa mtu wa kusoma karatasi mpaka chini, hata pale penye maandishi madogo ambayo aliyeyaandika hakutarajia yasomwe. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa na kurasa tisa, naye alizisoma mara tatu kabla ya kusaini, karani akiitazama saa ya ukutani. Hakuwa na nafasi ya mzaha. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Kondoa, na mikataba yake miwili ya nyuma ilikwisha bila kuongezwa. Huu wa tatu ulikuwa na sentensi aliyoipenda kuliko zote: mwajiriwa ambaye jalada lake halina dosari ataongezewa mkataba. Iddy akaamua kwamba dosari hatakuwa nayo.

Akapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ziwani, mbele kidogo ya Lipingo. Alipapenda siku ileile aliyofika, jambo ambalo halikumo kwenye mkataba. Ziwa lilionekana kutoka kwenye meza yake ya kazi, usipa, dagaa wa huko, walianikwa mchangani mpaka karibu na ngazi za zahanati, na kila mgonjwa alimsalimia kwanza ndipo akaugua. Mwezi wa pili alipanda mihogo nyuma ya nyumba. Mtu wa mkataba wa mwaka mmoja hapandi mihogo kama hana nia ya kukaa.

Shida ilianza na Bibi Kunigunda, mjane wa mvuvi, mwenye presha na msimamo. Iddy alimpima, akampa vidonge vya mwezi mzima, akamweleza namna ya kumeza. Kesho yake bibi alirudi na mbasa mnono amemfunga kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Dokta. Huyu ni wako. Kula."

Iddy alimshukuru sana. Kisha akafungua droo, akatoa mkataba, akamsomea kifungu cha kumi na nne: mwajiriwa hatapokea zawadi, chakula wala kitu chochote kutoka kwa mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Alisoma taratibu, kwa heshima zote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamfunga upya samaki wake, akaondoka. Siku ya tatu vidonge vyote vilikuwa juu ya meza ya Iddy, havijapungua hata kimoja.

Wakafuata wengine. Mwenye kidonda alirudisha dawa za kidonda. Mwenye kikohozi alirudisha chupa ikiwa imejaa, ameifuta vizuri. Leja ya dawa ilikuwa na safu ya zilizopokelewa na safu ya zilizotolewa, lakini aliyeichora hakuwahi kufikiria kijiji kinachorudisha dawa. Iddy akawa anazitenga kwenye kopo la biskuti, haelewi kitu.

Aliyemfumbua macho ni Ottilia, mhudumu wa zahanati, mwenyeji wa palepale, ambaye kwa miezi minane alikuwa akitazama na kunyamaza.

"Dokta, dawa inakuwa ya mgonjwa pale aliyeitoa anapokula kitu cha mgonjwa. Kabla ya hapo ni yako wewe, wao umewaazima tu. Nani ameze kitu cha kuazima?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Umesoma."

Tabibu aliyemtangulia, mzee Hamphrey, hakuwahi kusoma kanuni yoyote maishani mwake. Alikula kila kilicholetwa, na siku anahamishwa suruali zake zote zilikuwa zimeshamkataa. Wagonjwa wake walimeza dawa zao bila shida.

Mwezi wa Machi Ottilia alisema Bibi Kunigunda haonekani tena kanisani. Iddy akajaza kitabu cha kutoka kituoni, akaandika saa na sababu, akachukua kipimo na vile vidonge, akaenda. Alimkuta bibi kwenye mkeka mlangoni, mkono wa kushoto umelegea mapajani, maneno yanamtoka yakiburuta miguu. Presha ilisoma mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Iddy aliogopa. Alikuwa ameshaona mahali pengine namba kama hizo zinavyoishia.

"Bibi, tukupeleke hospitali leo hii."

"Siendi. Nife kwangu."

"Basi meza hivi vidonge. Ni vyako."

"Umekula nini kwangu mpaka viwe vyangu?"

"Mwaka jana nilikunywa maji hapa."

"Maji ni ya ziwa," alisema bibi.

Binti yake, Edina, alikuwa jikoni akigeuza mbasa kwenye sufuria. Harufu ilifika mpaka mlangoni, na kifungu cha kumi na nne kilikuwa kinajulikana na wote waliokuwepo. Iddy aliifikiria mihogo yake, ambayo ilikuwa bado kuvunwa. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Alikula samaki mzima na ugali wa muhogo, bibi akimhesabia matonge kwa macho. Alipomaliza, bibi akanyoosha ule mkono mzima, akapokea kidonge, akameza. Akakubali na kupelekwa hospitali, kwa kuwa sasa, alisema, ana dawa yake mwenyewe.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini kifungu cha kumi na saba kilisema mwajiriwa atakayekiuka masharti atatoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba, na Iddy alikuwa Iddy. Aliandika: "Napenda kutoa taarifa kuwa nimepokea samaki mmoja, aina ya mbasa, kutoka kwa mgonjwa, na nimemla." Aprili bibi alirudi amechangamka, akachukua vidonge vya mwezi mwingine, na mbasa mwingine akaliwa. Barua ya pili ikaenda. Mei, ya tatu. Presha ya bibi ikashuka mpaka mia moja na arobaini, na jalada la Iddy likanenepa.

Juni alikuja Ildefonce, afisa utumishi kutoka wilayani, mtu mpole ambaye hakuipenda safari ile.

"Dokta, hizi barua uliandika za nini? Samaki ulishamla. Ushahidi haupo."

"Miiba ipo."

"Ungeniuliza kwanza, ningekwambia ukae kimya."

"Hicho ni kifungu cha ngapi?"

Ildefonce akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Barua zilikuwa zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na barua ikishagongwa muhuri haina pa kurudi. Mkataba hautaongezwa. Akasema anasikitika, na alisikitika kweli. Iddy alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamuaga vizuri, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye mihogo yake akalia.

Mkataba ulikwisha tarehe thelathini. Tarehe moja Julai, saa moja asubuhi, alipofungua mlango atoe begi, alikuta watu wamejaa uani na mabakuli. Ottilia alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kuwa kifungu hakimbani tena. Walikuwa wamepona siku nyingi, lakini si rasmi.

"Hii ya kikohozi cha Januari, Dokta."

"Hii ya kidonda. Onja tu."

Iddy alionja bakuli moja moja, mpaka la mwisho. Ilimchukua saa mbili, na hakuna aliyemharakisha.

Alipofika la mwisho, Eunice, tabibu mpya, alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda akiwa na sanduku na mkataba wake wa kurasa tisa. Iddy alinawa mikono, wakakabidhiana funguo, leja na kopo la biskuti. Katika kitabu cha makabidhiano alikuwa ameandika: "Bibi Kunigunda, presha. Kidonge kimoja kila asubuhi. Kila mwezi nenda kwake ukale mbasa, la sivyo hamezi. Kabla ya kwenda, soma kifungu cha kumi na nne."

Eunice alisoma mara mbili. Alifungua mkataba wake, akakitafuta kifungu chenyewe, akakisoma, akaufunga. Alitazama uani, ambako Bibi Kunigunda alikuwa ameketi kwenye benchi akimkagua.

"Huyo mbasa," aliuliza Eunice kwa sauti ya chini, "ana miiba mingi?"

"Mingi," alisema Iddy. "Kula taratibu."