Punda, Tembo na Posa Yangu ya Mogitu

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshachoka kuona aibu, lakini mjue kwamba posa yangu ilivunjwa na vyama vya siasa vya Marekani, nchi ambayo sijaikanyaga na wala haijui kama nipo.

Tulitoka Mbulu alfajiri kwenda Mogitu kwa kina Neema, mimi na baba mdogo Safari, mshenga wangu, na ndoo ya asali ya posa. Njiani alinipa agizo moja tu: "Wewe salimia, halafu funga mdomo. Mwoaji haongei." (Kwetu ndivyo ilivyo, mwenye shida anakaa kimya anaombewa, nalijua hilo tangu utoto.) Nikaamkia shikamoo nyumba nzima, nikakaa karibu na mlango, mambo yakaenda vizuri mpaka asali ikapokelewa, na asali ikishapokelewa mnajua kimebaki kidogo posa ikubaliwe.

Shida ikawa redio. Ilikuwa kipindi cha uchaguzi wa Marekani, na Mzee Bura, baba yake Neema, akauliza kwa ukarimu tu, "Hivi mwalimu, wale wa alama ya punda na wale wa tembo wanatofautiana nini?" Baba mdogo akanikanyaga mguu. Lakini mimi nafundisha historia, na Neema alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, nikaona hapa ndipo nitaonekana mtu.

Nikaanza. Nikasema zamani chama cha punda ndicho kilichokuwa na nguvu kwa mabwana wa kusini waliomiliki watumwa, na cha tembo kilianzishwa na watu waliotaka utumwa usienee, kwa hiyo weusi walipopata uhuru wakashikamana na tembo, halafu vizazi vikapita, huyu akasogea huku, yule kule, mpaka leo weusi wengi wako kwa punda na weupe wengi wa kusini wamehamia kwa tembo, majina yale yale, waliomo ndani wengine.

Mzee akakunja uso. "Sasa jina linabakije wakati watu wameshahama?"

Hapo ningesema sijui, leo ningekuwa na mke. Badala yake nikatafuta mfano wa nyumbani (walimu tuna ugonjwa huo). Nikasema, mzee, chukua familia iliyofika hapa na njaa, wenyeji wakaipokea, wakaipa jina la ukoo wao, miaka ikaenda, leo wajukuu ndio wenye sauti kubwa ya kuwafukuza wageni mashambani.

Shangazi yake Neema alikuwa anamimina pombe, akaweka kibuyu chini. Nikadhani hawajanielewa, nikaongeza, "Familia za hivyo ziko nyingi tu hapa Hanang."

"Nani amekwambia?" Mzee akauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Kumbe ana kesi ya shamba na jirani yake, na hoja ya jirani ni hiyo hiyo, kwamba babu yake Mzee Bura alikuja na njaa akapewa jina. Mimi ningejuaje? Mungu ananiona, mfano niliutunga pale pale. Nikaapa, nikaeleza, nikarudi tena kwa punda na tembo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimetumwa. Baba mdogo akasimama kuomba radhi. Mzee akaagiza turudishiwe ndoo yetu. Asali iliyokwisha kupokelewa, jamani, tukapewa mbele ya majirani, na nikatembea nayo kwa miguu mpaka mjini Katesh, kila tunayekutana naye anatazama ndoo kwanza, uso baadaye.

"Nilikwambia neno moja," baba mdogo akasema. Kuhusu kuoa hajanisemesha tena.

Aibu yangu ningeimeza. Kinachoniuma ni kwamba Mzee aliamua Neema ndiye aliyenipa siri ya nyumba yao, na hakuna kiapo changu kilichomtoa huko. Siku hizi mwanafunzi akiuliza habari za vyama vya Marekani namwambia hazimo kwenye mtihani, tuendelee, na nikiwa ugenini mtu akiniuliza lolote mimi sijui, hata kama najua.

Neema aliniandikia mara moja tu, kwenye simu. "Baba bado ananiuliza nilikwambia lini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui jambo hilo la ukoo wetu. Nimelisikia kwako, nikiwa nyuma ya pazia."