Gari la Kulala Kwenye Korongo

Godoro la sponji likilowa maji ya matope kisha likaanikwa juani, hutoa harufu ya kuchachuka isiyotoka hata ufanyeje. Juzi jirani yangu alianika la mwanawe lililoingiwa na maji ya mvua, nami nikafunga dirisha, nikajificha jikoni, mtu mzima na watoto wangu watatu. Msinicheke. Ngojeni niwaeleze.

Baba alikuwa fundi wa mashua, mzaliwa wa visiwa vya delta, nasi tulihamia Bungu nikiwa mdogo. Alipata Kosta moja kuukuu, akang'oa viti vyote, akatia vitanda viwili, kabati la vyombo na jiko la gesi. Tukaliita Gari la Kulala. Likizo moja, nikiwa na miaka tisa, akatupakia mimi, Mama na Bibi mzaa baba, tukapumzike siku tatu kwenye misitu ya milima ya Kichi. Bibi miguu ilikuwa imemwisha, hasimami bila kushikwa, lakini alitaka kuiona milima kabla hajafa. Mama akasema huo ni wazimu, huku anafunga mizigo.

Kimya cha kule, jamani! Miti mirefu, ubaridi wa asubuhi, ndege tusiowajua hata jina. Pa tambarare palikuwa mahali pamoja tu, katikati ya korongo kavu lenye mchanga mweupe. Baba akautazama mchanga ule, akamgeukia mama yake. Kwetu visiwani hakuna anayefunga chombo ufukoni bila kuuliza mwezi. Bibi akahesabu kwa vidole. "Leo mwezi una siku nane," akasema. "Maji mafu, bahari haipandi sana. Egesha, mwanangu, hapa hayafiki." Baba akaegesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza bahari iko wapi.

Siku ya pili, jua la adhuhuri likiwaka, nilikuwa nachimba kisima changu mchangani, chini ya dirisha la Bibi. Akapita mzee mmoja mrina asali, ndoo kichwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama gari, akatazama juu milimani.

"Mwanangu, mwambie baba yako alitoe gari humu sasa hivi. Huko juu mvua imeshanyesha."

Akaenda zake. Nikatazama mbingu, nyeupe, bila hata wingu. Nikajisemea, watu wa bara hawa wanajua nini habari za maji? Bibi amekwisha kuhesabu. Na ukweli wenyewe, sikutaka kuhama. Kule juu ukingoni kulikuwa na siafu na miiba, na kisima changu kilikuwa kimeanza kutoa maji. Nikafurahi kuyaona maji yale, mjinga mimi. Sikumwambia mtu.

Mama alikuwa nje anachambua mchele tuliposikia mngurumo. Baba akainua kichwa. "Lori gani hilo porini?" Kisha nikaona kona ya korongo inageuka rangi. Maji ya kahawia, yamebeba majani na magogo, yanakuja kwa haraka ambayo sijaiona tena. Mama alinishika mkono akanivuta ukingoni hata bega likalia. Baba akarukia usukani. Gari likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Gogo likaja likaubana mlango, na Bibi yumo ndani, na Baba yumo ndani.

Gari likaanza kusogea. Mama anapiga kelele, "Mungu wangu! Mungu wangu!"  Mimi nilikuwa na neno moja tu kichwani: nimewaua.

Baba alimfunga Bibi mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga, ili watokee dirishani. Na Bibi, wallahi, akamzuia kwanza. "Ngoja nijitande!" Msituni, maji kiunoni! Baba akafoka, "Mama, nani anakuona?" Wakatoka. Baba akashika mzizi, ukakatika, akashika mwingine. Mama akalala kifudifudi akawavuta. Gari likaenda ubavu ubavu mpaka likapinda kona. Kitu pekee tulichookota baadaye ni godoro la Bibi, tukalianika Bungu siku nyingi.

Pale Bungu walimtania Baba miaka na miaka. Fundi aliyeegesha nyumba mtoni! Alicheka nao. Mimi nililala na Bibi kitanda kimoja mpaka nikaolewa, na kila mvua iliponyesha usiku ananipapasa mgongo, nami najifanya nimelala.

Bibi alipokwisha kufariki, nikamwungamia Baba habari ya yule mrina asali. Alikuwa anapiga randa ubao, akaiweka chini.

"Bibi yako alikuwa macho pale dirishani," akasema. "Alimsikia yule mzee, neno kwa neno. Aliniambia alipokuwa anaumwa."

"Sasa mbona alinyamaza?"

"Alikwisha sema maji mafu. Angeanzaje kusema vingine?" Akafuta vumbi la mbao mikononi. "Akaniomba nisikwambie wewe. Alidhani ulikuwa mdogo, hukumwelewa yule mzee."

Nilikasirika, sitawaficha. Niliondoka bila kuaga vizuri. Nilikuwa njiani nilipoanza kulia, nikijua kwamba mkono ule mgongoni mwangu ulikuwa unaniomba msamaha, na mimi mgongo ndio niliompa.