Udongo wa Koleta na Maji Mekundu

Umewahi kulamba udongo ili ujue kama unafaa? Koleta, mfinyanzi wa kijiji chetu cha Mugoma, alifanya hivyo kila siku.

Mwaka 1995, wanawake wakimbizi walikuwa wakitia rangi katani ya vikapu kandokando ya kijito chetu, na maji mekundu yakateremka hadi tunakonyweshea mbuzi. Mwenyekiti wa kitongoji akaapa kuwafukuza kesho yake. Koleta akawachimbia shimo la kumwagia maji yale, akatia udongo wake mkavu wa vyungu aliousaga, akakoroga.

“Shikamoo, mama. Udongo utasafishaje maji?” nikamuuliza; nilikuwa nyumbani likizo kutoka chuoni.

“Marahaba. Lamba kwanza.”

Nikalamba, ukanata.

“Udongo umeshika ulimi wa msomi, utashindwa na rangi?”

Wanawake wakacheka. Chuoni nilisoma kwamba udongo huo ni tabaka juu ya tabaka, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na rangi hunasa humo. Koleta alijua bila darasa. Kwa nini hakuna mtaalamu aliyewahi kumuuliza?

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti alifika na mgambo wawili. Wekundu ulikuwa umelala chini shimoni, maji ya juu meupe. Aliyachota kwa kiganja, akayanusa, kisha akawaamuru mgambo wawachimbie wanawake shimo la pili.