Wali wa Kuku wa Uani

Mimi ni mpishi katika mgahawa wa Wachina, na makovu ya mafuta yamenifika hadi kwenye kiwiko. Wali wa kukaanga nilifundishwa na bosi mwenyewe: upike jioni, uulaze kwenye friji bila kifuniko, kesho yake uukaange ukiwa mkavu na baridi, juu ya moto mkali. Wali mpya una unyevu, unashikana.

Jana wifi yangu alikuja kulala kwetu, akautaka huohuo wa kazini kwangu. Nikapika, nikaulaza. Leo asubuhi nafungua friji, bakuli limeoshwa linang'aa, na kuku uani wanadonoa wali wangu!

"Nimekuondolea aibu, wifi," akasema. "Mgeni hapewi kiporo."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka. Mume wangu, kaka yake, akajitia hamnazo, anatazama sakafu. Haya! Nikapika mwingine, nikaukaanga ungali moto. Mayai, vitunguu, sosi ya soya, vyote vikawa bonge moja, kijiko kinasimama wima.

Wifi akala, akaguna. "Huu ndio wali watu wanaoupangia foleni?"

Alipokuwa anafunga mkoba aondoke, akaniambia, "Uliobaki nifungie basi, kesho nitaupasha."

Nikabeba sufuria, nikatoka nayo uani, nikawamwagia kuku hadi punje ya mwisho, yeye amesimama mlangoni ananitazama.

"Nimekuondolea aibu, wifi."