Mwaka Afande Alipoacha Kupita

Nyuma ya chumba ninachopanga hapa Bwera, mpakani, kuna mafundi wanaopasua mbao zinazotoka Kongo. Wana mashine, lakini umeme ukikatika wanarudi kwenye msumeno wa mkono, na hapo ndipo ninapopata shida. Msumeno unaenda na kurudi, mzito, wa kukwaruza, halafu unatulia fundi anapopumua. Kama naosha vyombo, mkono unasimama. Kama naandika, kalamu inasimama. Sauti hiyo hiyo, kwa mwendo huo huo, niliisikia utotoni kwa Bibi yangu kule Nyakalengija, chini ya mlima, na haikuwa ya fundi yeyote. Ilikuwa ya chui.

Mtu ambaye hajamsikia anadhani chui ananguruma kama simba. Hapana. Anapasua mbao. Alikuwa akishuka jioni, ile saa moshi wa kuni umelala juu ya migomba na mto Mubuku unasikika kuliko mchana kwa sababu watu wamepunguza kelele. Alipita juu ya shamba la kahawa la Bibi, akafuata mgongo wa kilima, akaenda zake. Bibi alipomsikia alichukua mchi wa kinu, akagonga mhimili wa mlango mara mbili, akasema kwa sauti ile ile anayomsalimia nayo jirani, "Afande, pita. Sisi tuko ndani." Jina lake halisi halikutajwa jua likishazama. Alikuwa Afande, kama wakubwa wa jeshi, kwa sababu hakumweleza mtu anakokwenda na kila mtu alimpisha. Baada ya mchi kugonga, msumeno ulinyamaza kidogo, halafu ukaanza tena mbali zaidi. Mimi nilijua huko ndiko kujibu. Nililala karibu na magunia ya kahawa, nanusa moshi na mbuzi, bila hofu hata kidogo. Leo nikiwaeleza watu wanasema nadanganya, mtoto hawezi kubembelezwa na chui. Waache waseme. Sijalala hivyo tena tangu wakati ule.

Nilikuwa shule ya msingi. Mama alikuwa akiuza vitu mpakani, kwa hiyo mimi nilikaa kwa Bibi, pamoja na baba mdogo Mbusa, mdogo wa baba yangu, mpagazi anayewabebea watalii mizigo mlimani. Msimu huo alitaka kumwoa Kabugho, msichana wa hapa Bwera. Kwetu mahari ni mbuzi, tena si mbuzi tu. Kila mbuzi ana mtu wake: huyu wa baba wa msichana, yule wa shangazi, yule wa nyanya yake. Wageni wanakuja kuwaona kabla, kila mbuzi anatajiwa mwenyewe, na kuanzia hapo si wako tena, unamtunzia mwenzako. Wakaja. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa Kabugho, mfanyabiashara wa Butembo, mnene, rozari shingoni, anayebonyeza mgongo wa kila mbuzi kama anayepima godoro.

"Hii mweupe iko ya nani?" akauliza.

"Hiyo ni ya nyanya ya bibi arusi," akajibu Mbusa.

"Iko muzuri sana. Lakini wewe, muoaji, uko mukondefu! Hapa kwenu chakula yote munapatia mbuzi?"

Watu walicheka mpaka Bibi akaketi chini. Siku hiyo Kabugho alinisuka nywele, mikono yake inanukia mawese, akaniambia sikioni, "Nikikuja, wewe ndiye utanionyesha njia ya mto. Hawa wengine nawaogopa." Mimi sikuwa na dada. Baada ya maneno hayo nilianza kumsubiri kama mtu anavyosubiri Krismasi, kila siku namuuliza Bibi ni lini, mpaka akanitisha na mwiko.

Mvua zikaanza, na asubuhi moja yule mbuzi mweupe hakuwepo. Tulimkuta juu ya mti karibu na mto, kwenye panda, ameliwa nusu. Bibi alitazama juu muda mrefu. Alisema Afande hajawahi kugusa zizi lake, lakini msituni mitego ya waya ilikuwa imemaliza paa wote, na hata sisi nyama hiyo tuliila. "Tulikula chakula chake kwanza," alisema. Akamwambia Mbusa ashuke Bwera, amwambie nyanya wa Kabugho ukweli, waombe kuleta mbuzi mwingine.

"Niende kusema mbuzi ya nyanya imeliwa?" Mbusa alifoka. "Watasema nimeshindwa kulinda mbuzi, nitalindaje mtoto yao?"

"Sema Afande amechukua. Watu wa mlima wataelewa."

"Mama, wale si watu wa mlima tena. Wale ni watu wa soko."

Akateremka upande wa Kasese kwa rafiki yake anayelima pamba, akarudi na chupa ya dawa ya wadudu. Alijua chui hurudia nyama yake. Akapanda mti, akaipaka nyama dawa. Bibi alisimama chini, kitambaa kimefungwa kichwani, akamuuliza, "Ukishamuua huyu, nani atapita?"

"Apite nani, Mama? Huyu mwizi, si padri anayezunguka kusalimia waumini."

Mimi nilisimama kati yao na mdomo wangu wazi. Nilitaka Kabugho aje. Nilitaka Afande apite. Hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake walimkuta mtoni, kichwa majini, kwa sababu dawa ile inaleta kiu. Nilidhani ningeona kitu kikubwa kama ndama. Alikuwa jike mwembamba, manyoya yamelowa, na matiti yake yalikuwa yamejaa. Bibi alipoona matiti alifungua kitambaa chake akamfunika nacho. Vijana wakakitupa pembeni, wakamning'iniza kwenye mti wa kubebea, wakamzungusha kijijini wakiimba, simu zinapiga picha, Mbusa katikati kama aliyeshinda uchaguzi. Mbwa wetu naye alikufa, alikuwa ameokota mfupa chini ya mti. Hakuna aliyemwimbia.

Mbusa alinunua mbuzi mwingine mweupe, wakampeleka pamoja na wale wengine. Nilikuwepo. Nyanya wa Kabugho, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alimshika mbuzi sikio, akamgeuza, akasema mbele ya watu wote, "Hii si yangu. Yangu ilikuwa na alama hapa." Hapo Mbusa akalazimika kueleza. Yule nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akapiga makofi. "Kumbe Afande ndiye aliyekula? Basi nimekula naye! Mimi nimezaliwa huko juu, kijana. Mngeniambia tu." Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, harusi ikaendelea. Mimi nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatazama viatu vyake vipya.

Baada ya hapo, jioni kadhaa, ilisikika sauti ndogo kutoka mgongo wa kilima, kama kisu butu kwenye kijiti kikavu. Kabugho, ambaye sasa alikuwa wetu, aliuliza ni ndege gani. Bibi akasema huyo si ndege. Halafu hata hiyo ikaisha. Bibi aliendelea kugonga mhimili na kusema maneno yake, akasubiri, akaweka mchi chini. Msimu uliofuata nyani walishuka kwenye mahindi mchana kweupe, nguruwe mwitu wakafukua mihogo, na mimi na Kabugho tulishinda shambani tunapiga mabati badala ya mimi kuwa darasani. Njia ya mto nilimwonyesha, ndiyo. Tuliipita tukikimbiza nyani.

Tangu hapo hakuna aliyemsikia chui upande wetu. Hata tambarare ni hivyo hivyo. Basi likisimama Kikorongo na wauza samaki wakikimbilia madirisha, kila mara kuna mzee anayeonyesha kwa kidole, hapa simba walikuwa wanalala barabarani, malori yanasubiri. Nikiuliza wameenda wapi, anaonyesha kama anamimina chupa. Natazama dirishani mpaka Kasese. Naona nyati, naona pamba. Na Mbusa bado anabeba mizigo, watalii wakimuuliza kama kuna chui anasema, "Iko. Juu huko." Zamani nilidhani anafanya biashara. Siku hizi nadhani na yeye anatamani iwe kweli.

Likizo iliyopita Kabugho aliniletea binti yao, Biira, akae nami Bwera. Ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule. Nampenda sana, na nisingependa asiwepo, na bado natamani Afande angeendelea kupita, na sijui nifanye nini na mawazo haya mawili yanapokaa kichwani pamoja. Blanketi langu lina picha ya chui, nililinunua sokoni Mpondwe. Biira analiita blanketi la paka.

Jioni moja umeme ukakatika. Tulikuwa tunachambua maharage mlangoni, na nyuma ya nyumba msumeno ukaanza. Mkono wangu ukagonga mhimili mara mbili kabla sijafikiri. Msumeno ukanyamaza.

"Dada, unagonga nini?"

Nikamweleza kila kitu: Bibi, mchi, maneno yenyewe, Afande akipita. Chupa sikuisema. Biira alisikiliza bila kupepesa macho, halafu akainuka, akagonga kwa ngumi yake ndogo, akaita kuelekea mlimani, "Afande, pita! Sisi tuko ndani!" Akatega sikio, mdomo wazi.

Fundi alikuwa amemaliza kupumua. Msumeno ukaanza tena.

"Amejibu!" Biira akaruka, maharage yakamwagika. "Dada, amejibu, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, nikainama kuokota maharage.