Siku Kumi na Moja za Mvua ya Chupa

Tarehe 9 Machi 1992, saa tatu asubuhi, mwalimu wa sayansi wa darasa la saba aliandika kwa wino wa buluu: milimita sita nukta nne. Ndiyo mvua ya kwanza katika madaftari yake. Kila siku iliyofuata ina namba yake, kwa mwandiko wa mwanafunzi wa zamu. Likizo alipima mwenyewe.

Kipima mvua kilisimama nyuma ya darasa, kando ya kijishamba cha kunde: chupa, faneli ya bati na uzio wa waya. Wanafunzi walimwita mwalimu Mama Milimita, naye akajifanya hasikii. Aliwapeleka kwenye kijito kilichopita chini ya shule, wakainua mawe na kuhesabu wadudu, maana wadudu wakipungua, maji yameanza kuchafuka.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alikuwa akisema, "lakini nyinyi nitawaambia."

Mwaka huu anastaafu, na idara ya hali ya hewa imeomba madaftari yote ishirini na sita. Wakiyakubali, vipimo vya watoto wake vitaingia kwenye kumbukumbu za nchi. Hakuwahi kutaka kitu kingine katika kazi hii.

Jumapili aliyapanga juu ya meza ya kulia, akisoma miandiko. Huyu aliyekandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka sasa ni mkunga. Ndiye aliyempokea mjukuu wa mwalimu. Huyu wa namba zilizolala kama walevi ni fundi bomba. Alipofika daftari la 1999, mkono ukasimama.

Mwaka huo mvua iligoma. Wiki nzima sufuri, wiki ya pili sufuri. Kisha siku kumi na moja zikaingia namba: mbili, moja na nusu, tatu. Alifurahi siku kadhaa kabla ya kutembea hadi kwenye kunde na kukuta vumbi juu ya majani, nene kiasi cha mtu kuandika jina lake kwa kidole.

Aliuliza darasani. Binti wa fundi cherehani akasimama.

"Mwalimu, tulikuwa tunamimina sisi. Maji ya kunywa, ya kwenye chupa zetu."

"Kwa nini?"

"Ukiona sufuri unanuna siku nzima. Hata utani hututanii."

Nyuma mtu akaongeza, "Na mazoezi yanakuwa mengi."

Alitoka nje, akasimama kwenye uzio mpaka macho yakakauka. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa na fimbo isiyouliza maswali, kwa hiyo, ili watoto wasichapwe, yeye hakufuta namba wala hakumwambia mtu pale shuleni. Aliporudi darasani aliandika sufuri kubwa ubaoni, akasema nayo ni habari, tena nzito kuliko zote. Somo hilo alilirudia kila mwaka, bila kueleza alikolitoa.

Mumewe, anayeijua hadithi yote, aliegemea mlango. "Mke wangu, siku kumi na moja katika miaka ishirini na sita? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunika tangu 1999."

"Basi limeshazoea."

Mwalimu alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri.

Jumatatu afisa wa idara alikuja, kijana wa kumzaa mwenyewe. Akamwamkia, akafungua daftari moja baada ya jingine kwa heshima, kisha akatoa fomu.

"Mama, kuna vipimo vyovyote visivyo sahihi?"

"Vipo, mwanangu. Siku kumi na moja." Akamweleza yote, chupa na kunde na vumbi.

Afisa aliweka kalamu chini. "Nikiandika hivi, wakubwa wanaweza kuyakataa yote. Watasema, kama walimimina mara hiyo, nani ajuaye mara nyingine?"

"Najua."

"Nami naweza kuwa sijasikia."

"Umesikia. Andika, na utaje kwamba watoto walisema wenyewe walipoulizwa."

Akaandika. Mwalimu akaisoma fomu mara mbili, akasahihisha tarehe moja, akatia sahihi.

Ijumaa gari la idara litakuja kuchukua madaftari. Yatalinganishwa na vipimo vya kituo cha uwanja wa ndege, na jibu litatoka baada ya miezi mitatu, yeye akiwa nyumbani.